Hoja ya Majuto Imesimama juu ya Nini?

Katika darsa na makala zinazozungumzia upasuaji wa kubadili jinsia husikika kauli hii: "Wanaofanyiwa hujuta wote." Kauli hiyo haina ushahidi, wala haimfai mwanafunzi wa fiqhi kuisimamia.

Agosti 2023, jarida la JAMA Surgery lilichapisha uchunguzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, juu ya watu waliozaliwa na maumbile ya kike wakaondolewa matiti ili wapate vifua vya kiume. Waliostahiki kuulizwa walikuwa 235, wakajibu 139. Katika kipimo cha kuridhika na uamuzi wao, alama ya kati ilikuwa 5 kati ya 5. Katika kipimo cha majuto, ambacho huishia 100, alama ya kati ilikuwa 0.

Anayetaka kuukosoa uchunguzi huu na apite mlangoni. Watu 96 hawakujibu, na hali zao hazimo humo. Kituo kilichochunguzwa ni kimoja tu. Muda wa kati tangu upasuaji ni miaka 3.6, nao si umri wa mtu. Tena majibu yakirundikana hivyo ukingoni mwa kipimo, kipimo chenyewe hustahili kukaguliwa. Watu wa hadithi, waliozoea kuuliza nani kapokea kwa nani, hawatashangazwa na maswali haya. Lakini hakuna hata moja kati yake linaloigeuza sifuri kuwa majuto ya wote.

Wapo pia wasemao: wameridhika, basi inajuzu. Hii ni qiyasi mbovu, kwani hata mla riba huridhika na faida yake. Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, lilipokataza mwaka 1989 kumgeuza aliyekamilika viungo vya kiume au vya kike, na kuruhusu tiba kwa mwenye alama za pande zote mbili, lilitazama maumbile, si kuridhika wala kujuta. Anayeifuata hukumu hiyo hahitaji takwimu ya kubuni ili kuitetea. Akiitumia, siku msikilizaji atakapousoma uchunguzi wenyewe ataitilia shaka hukumu pamoja na msemaji.

Na yupo anayemwendea imamu baada ya sala, naye ameshafanyiwa. Akiambiwa "lazima unajuta", na hali hajuti, mazungumzo yamekwisha papo hapo, kabla hajauliza lililomleta.