Mkono Ulioshika Tupa

Bunduki ya mitutu miwili iliyotengenezwa na fundi anayejua kazi yake ukiifunga haigongi. Hujifunga kwa mlio mfupi mzito, na huoni chuma kimoja kilipoishia na kingine kilipoanzia. Mimi ni mpenzi wa bunduki na mmiliki mwenye leseni. Nikiulizwa na anayetaka kununua aanzie wapi, humwambia anunue kwanza mkono wa fundi. Nakshi, sifa za duka na ukubwa wa risasi vifuate nyuma.

Mkono huo ulikomaa London na Birmingham katika karne ya 19, na wapo mafundi wachache wanaouendeleza hadi leo. Fundi huwasha kibatari kinachotoa moshi, hupitisha chuma juu ya ulimi wa moto mpaka kishike masizi, kisha hukifunga mahali pake na kukifungua. Penye kugusana masizi hufutika, na hapo ndipo anapopapitishia tupa, mara moja au mbili tu, kabla ya kupaka masizi upya. Kazi hiyo huirudia tangu asubuhi hadi jioni, siku baada ya siku, mpaka chuma kigusane na chuma kila mahali. Hakuna njia ya mkato. Tupa ikizidi kidogo tu, kilicholiwa hakirudi.

Kazi ninayoistahi kuliko zote ni kuoanisha mitutu ya raifo ya mitutu miwili. Mtu angedhani inatosha kuilaza sambamba, lakini haitoshi. Mtutu wa kulia ukifyatuliwa, bunduki nzima huvutwa kulia kabla risasi haijatoka mdomoni. Wa kushoto nao huivuta kushoto. Kwa hiyo mitutu hulazwa ikielekeana kidogo kuelekea mdomoni, na kiasi cha kuelekeana huko hakipatikani kwa hesabu peke yake. Fundi hufyatua, huenda kuangalia matundu kwenye shabaha, huyeyusha lehemu kwa moto, husogeza kabari ndogo iliyo kati ya midomo miwili, husubiri chuma kipoe, kisha hufyatua tena. Huendelea hivyo mpaka risasi za kulia na za kushoto zitue pamoja. Na ulinganifu huo ni wa risasi ya uzito fulani na baruti ya kiasi fulani. Ukibadilisha kimojawapo, umeitupa kazi ya mtu.

Bunduki hizo zina deni kwa joto la nchi kama zetu. Mwaka 1898 John Rigby wa London alitoa risasi ya .450 iliyotumia baruti mpya isiyo na moshi, iitwayo kordaiti. Kordaiti ikipata joto, shinikizo lake hupanda, na ganda linaweza kunasa ndani ya chemba wakati mwindaji ana haja kubwa ya kulitoa. Watengenezaji wakaamua kutumia maganda makubwa yenye shinikizo la chini, ili ganda litoke kwa urahisi hata kwenye jua kali la Afrika na India. Ndiyo maana risasi zile ni ndefu vile. Zimepimwa kwa hofu ya mtu aliyesimama mbele ya nyati.

Fundi mwenyewe hakuachiwa awe shahidi wa kazi yake. Chama cha watengenezaji bunduki cha London kilipewa hati ya kifalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1813. Katika nyumba za namna hiyo kila mtutu hufyatuliwa kwa shehena nzito kuliko ile utakayobeba maishani mwake. Ukistahimili, hupigwa mhuri. Ukipasuka, umepasukia mahali salama. Mnunuzi asiyeufunua mtutu kuitafuta mihuri hiyo ananunua maneno ya muuzaji.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; kwa hiyo ukienda kununua bunduki ya zamani, usitazame nakshi. Hakikisha kwanza haina risasi. Toa mitutu, ining'inize kwa kidole, uigonge taratibu kwa kifundo. Ikilia kama kengele, lehemu yake iko imara. Ikitoa mlio wa kukwaruza au uliokufa, mbavu zinazoiunganisha mitutu zimeachia, na matengenezo yake ni ghali. Itazamishe kwenye mwanga: kivuli kilichovunjika ndani ni dalili ya mbonyeo. Mpe fundi apime unene wa chuma. Uliza urefu wa chemba, kwani shotigani nyingi za zamani zilichongwa kwa ganda la milimita 65, na ganda la leo la milimita 70 huweza kuingia bila shida kisha likazidisha shinikizo. Mwisho, iweke begani. Kitako cha mti wa jozi kikikukaa sawasawa, jicho hukuta mstari wa kulengea bila kuutafuta.

Nashikilia kwamba bunduki moja ya namna hiyo, ya kawaida na isiyo na pambo, ni bora kuliko kabati lililojaa silaha zilizotengenezwa kwa haraka. Anayezirundika hazifahamu. Mwenye moja huujua uzito wake, huisafisha kila baada ya matumizi, huifuta mafuta yaliyozidi ili yasilainishe mti, na hujua iko wapi saa yoyote: ndani ya kabati la chuma, bila risasi, ufunguo ukiwa kwake peke yake. Sheria za nchi nyingi zinadai leseni na utunzaji salama, na Tanzania ilitunga upya sheria yake ya silaha mwaka 2015. Mpenzi wa kweli haoni hilo kuwa bughudha, kwa sababu chombo kilichotengenezwa kwa uangalifu wote huu hakistahili kuangukia mkononi mwa mlevi, mwenye hasira au mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwone mkufunzi, nenda uwanja wa shabaha, ufyatue mbele yake mpaka akuambie uko tayari. Mtutu ulijaribiwa kabla ya kuaminiwa. Mnunuzi naye akubali kujaribiwa.