Ni Mchezo Tu? Majibu ya Vijana wa Gemu na Wajibu Wetu

Siku hizi ni nadra kumaliza mwezi wa mahubiri bila gemu kutajwa. Kuanzia Isevya na Cheyo hapa mjini hadi Urambo na Sikonge, tumezisikia zikiitwa mtego wa Shetani, shule ya uuaji na mwizi wa watoto wetu. Wazazi huitikia amina. Vijana waliokaa viti vya nyuma hukaa kimya. Si kwamba hawana la kusema. Wana majibu, ila hakuna anayewapa nafasi, kwa hiyo huyasema nje baada ya ibada, wakiwa wenyewe kwa wenyewe. Katika makala hii tunataka kuyachukua majibu hayo kwa uzito, kuyapima moja baada ya jingine, na kuonyesha palipo na kweli na palipo na pengo.

Tukumbuke kwanza tunaishi katika mji wa namna gani. Tabora ni mji wa njia. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa, na vitu vya pwani vilifika Unyamwezi mabegani mwa wapagazi: nguo, shanga, waya wa shaba, bunduki. Injili nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Mapadri Weupe walifika Tabora mwaka 1878. Mwaka uliofuata Daktari Ebenezer Southon wa misheni ya London alifanya makao Urambo kwa Mtemi Mirambo, na mwaka 1898 kazi ile ikakabidhiwa kwa Wamoravian. Basi mtu wa Tabora hawezi kusema kitu ni kibaya kwa sababu tu kimetoka mbali. Lakini pia hawezi kusema kila kilichokuja kwa njia ni chema, maana njia ile ile ilipitisha binadamu waliofungwa minyororo kwenda kuuzwa. Watu wa hapa walifundishwa na njia yao wenyewe kwamba mzigo hufunguliwa na kukaguliwa kabla ya kusifiwa au kulaaniwa. Gemu nazo ni mzigo uliofika. Tuufungue.

Jibu la kwanza la vijana ni hili: "Tunacheza miaka yote na hatujaua mtu." Hapa lazima tuwape haki yao. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilitoa azimio kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuunganisha gemu za kupigana na vitendo vikubwa vya ukatili. Kilikiri kwamba kuna uhusiano mdogo kati ya gemu hizo na ukali wa kawaida, kama kufokeana na kusukumana, lakini kikaonya kwamba kuzisingizia gemu kila mauaji yanapotokea kunaficha sababu nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 2011, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imebatilisha sheria ya jimbo la California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za ukatili, na mojawapo ya sababu ni kwamba madhara yaliyodaiwa hayakuthibitishwa.

Tena hatuhitaji kwenda Marekani. Ingia kwenye kibanda chochote cha gemu mtaani na utazame kioo. Mara nyingi utakuta mpira: Arsenal na Chelsea, Barcelona na Real Madrid, watoto wawili na pedi zao, na wengine sita nyuma yao wakibishana kuhusu penalti. Mhubiri anaposema kila anayeshika pedi anajifunza kuua, mtoto huyu anajua kwamba mhubiri hajawahi kuingia pale. Siku mhubiri huyo huyo atakapotaja dhambi iliyo kweli, mtoto atakuwa ameshaacha kumsikiliza. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haina kipengele kinachowasamehe wenye kipaza sauti.

Jibu la pili lina sehemu mbili, na vijana huzitumia kwa zamu. Tukiwalaumu wanasema, "Ni mchezo tu, hauingii moyoni." Tukiwauliza faida yake wanasema, "Tunajifunza Kiingereza, kufikiri haraka na kushirikiana." Wapendwa vijana, chagueni moja. Kitu chenye nguvu ya kufundisha Kiingereza kina nguvu ya kufundisha na mengine. Kama mchezo haufundishi chochote, basi sifa zote za gemu zianguke pamoja na lawama zote. Sisi tunaamini kwamba unafundisha. Hadithi hufundisha, nyimbo hufundisha, na mchezo ambao mtu anaufanya kwa mikono yake saa tatu mfululizo hauwezi kumwacha kama ulivyomkuta. Kwa hiyo swali la haki ni gemu hii, hii hasa, inafundisha nini.

Tuchukue moja ambayo vijana wengi wanaijua, Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 kwa PlayStation 2 na baadaye ikaingia hadi kwenye simu. Wakosoaji wake wengi kanisani hawajui hadithi yake, na vijana wana haki ya kulalamikia jambo hilo. Kijana aitwaye Carl Johnson, au CJ, anarudi nyumbani kwa sababu mama yake ameuawa. Anafikia msiba. Anakuta ndugu wamegombana, mtaa umeharibiwa na dawa za kulevya, na polisi fisadi wanambambikia kesi. Baadaye anagundua kwamba rafiki zake wa utotoni ndio waliowasaliti. Hadithi hii si takataka. Inajua uchungu wa mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani na inajua thamani ya ndugu. Kuna filamu nyingi tunazowaachia watoto sebuleni zenye hadithi duni kuliko hii.

Lakini gemu si hadithi peke yake. Ni pia yale unayoruhusiwa kufanya na yale unayolipwa kwa kuyafanya, na hapa ndipo tunapoikosoa San Andreas. Mchezaji anaweza kumpiga mpita njia yeyote hadi afe, na noti zikadondoka za kuokota. Polisi wakimfukuza, anaingiza gari kwenye gereji, linapakwa rangi mpya, na hatia imekwisha. Akiuawa, anaamka hospitali akiwa amepoteza silaha na hela kidogo. Dhambi inaondolewa kwa rangi, na kifo kina bei ndogo kuliko baiskeli. Linalotusumbua zaidi ni lingine: mama wa CJ ana kaburi na watoto wa kumlilia, na hadithi nzima inaanza na chozi lake. Yule mpita njia hana jina wala mama. Mwili wake hulala barabarani kidogo, kisha hutoweka.

Wapendwa, mji huu umejengwa na wapita njia. Kwenye barabara ya misafara kulikuwa na wapagazi waliougua wakaachwa, na watumwa walioanguka ambao hakuna aliyewahesabu isipokuwa kama hasara ya tajiri. Walikuwa watu wasio na majina machoni pa waliowapita. Injili ya Luka ina mfano juu ya jambo hili hili: mtu aliyepigwa na wanyang'anyi kando ya njia, na watu wa dini wakampita. Imani yetu inasema mpita njia ana jina mbele za Mungu. Gemu inayomfundisha mtoto wa miaka 10, kwa vidole vyake na mara mia, kwamba mpita njia ni mfuko wa hela, inafundisha kinyume cha hapo. Huenda hatawahi kuua mtu. Lakini mtu anaweza kuishi bila kuua na bado akawa mzoefu wa kupita.

Vijana watatujibu kwamba gemu ile ni ya watu wazima na wao ni wakubwa. Sawa. Na hilo ndilo jambo ambalo watetezi wa gemu hulitaja mara chache. Wenye biashara ya gemu wenyewe hawakukusudia ichezwe na watoto: Marekani ilipewa alama ya miaka 17 na kuendelea, na Uingereza miaka 18. Alama hizo zimechapwa kwenye kasha. Kwetu gemu hufika kama nakala isiyo na kasha, au tayari iko ndani ya mashine ya kibandani. Mzigo umefika na onyo limebaki njiani. Mwenye kibanda hakuliona, na mzazi hakuambiwa.

Jibu la tatu ndilo linalotuuma zaidi: "Mbona wazee wanacheza?" Ni kweli. Bao limechezwa barazani kwetu tangu zamani, na Wasukuma wana isolo yao. Tena siku hizi kuna watu wazima, waumini wakiwemo, wanaoshika simu Jumamosi jioni wakisubiri mkeka wao wa kubeti. Baba aliyepoteza hela ya unga kwenye mkeka hana mdomo wa kumkemea mtoto aliyelipia mechi moja ya gemu. Hapo hatuna utetezi, na tusijitafutie.

Ila bao lina jambo moja la kutufundisha. Huchezwa mahali peupe. Kuna mzee anayetazama, kuna anayekosoa, kuna anayesema sasa inatosha, jua limezama. Mtoto wa kibandani amezungukwa na watu, lakini hana mzee. Pengo hilo hatukuletewa na gemu. Tumeliacha wenyewe.

Na katika pengo hilo ndimo madhara ya kweli yanamoingia. Yapo ya muda. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, na dalili zake ni tatu: mtu hawezi tena kujizuia, mchezo unatangulia mambo mengine yote, na anaendelea hata anapoona unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Shirika hilo hilo linasema wanaofikia hapo ni wachache kati ya wachezaji wote, kwa hiyo tusimwite kila mtoto mgonjwa. Yapo pia ya fedha. Mechi ya gemu inapowekewa dau, mchezo umekuwa kamari, na sheria ya Tanzania inakataza kamari kwa walio chini ya miaka 18. Pedi haimwambii mtoto aache. Wa kumwambia ni mtu.

Nabii Zekaria, katika sura ya nane, anapoeleza Yerusalemu iliyorudishwa, anaona wazee wameketi na fimbo zao, na barabara zimejaa wavulana na wasichana wanaocheza. Tusisome nusu. Mchezo wa watoto umo katika picha ya wokovu, na wazee wameketi hapo hapo. Mji wenye wazee bila mchezo ni wa huzuni, na mji wenye mchezo bila wazee ni wa hatari.

Basi tunashauri mambo machache. Mzee wa kanisa amtembelee mwenye kibanda cha mtaani kwake kwa salamu njema, si kwa vitisho, waongee juu ya gemu zipi watoto wadogo wasipewe, saa ngapi wafungiwe, na kwamba dau lisiwekwe. Mzazi amwombe mtoto amwonyeshe gemu anayoipenda na amsimulie hadithi yake. Ataelewa mengi kuliko kwa semina nzima. Ninyi vijana mnaozijua gemu, msiishie kuzitetea. Zikosoeni. Mnajua ipi inamjali mpita njia na ipi inamkanyaga, nasi hatujui. Tuandikieni, tufundisheni, simameni mbele ya Shule ya Jumapili mseme.

Tukifanya hivyo, viti vya nyuma havitakaa kimya tena, na hatutahesabiwa pamoja na watu wa dini waliopita upande wa pili wa barabara.