Zeruzeru, Albino, Mwenye Ualbino: Jina la Mtu Chini ya Jua Kali

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na utu, na inaongeza haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra sheria kuu ya nchi kuingia katika uwanja wa msamiati kiasi hiki. Kwa sababu hiyo kifungu hicho kinatuhusu sisi wanafunzi wa lugha kama kinavyowahusu mawakili. Makala haya yanakusudia kukipima kwa majina anayoitwa mtu mwenye ualbino katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Kayole na Dandora, na kuuliza kama majina hayo yanamkinga au yanamwacha wazi.

Tuanze na zeruzeru. Neno hili si geni: limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 na katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Wapo wanaodai kwamba ubaya wake umo katika wingi, mazeruzeru, kwa kuwa ngeli hiyo ndiyo ya majitu na majambazi. Hoja hii haisimami. Ngeli hiyo hiyo inao madaktari, makarani na maaskofu, na hakuna askofu aliyewahi kulalamika. Tofauti hujitokeza katika upatanisho. Anayesema "zeruzeru yule amepita" amemtaja mtu. Anayesema "zeruzeru lile limepita" amekwisha kumtoa katika jamii ya watu, na amefanya hivyo kwa silabi mbili tu. Hata hapa yafaa tuwe waangalifu. Lugha ya mitaa ya Nairobi, pamoja na Sheng iliyolelewa huko, hulegeza upatanisho wa ngeli na hupenda mno kiambishi ka-, hata kwa mtoto apendwaye. Mhakiki asikimbilie kulaani kila "kale" anayoisikia kibarazani.

Jina la mzungu, ambalo wengi hulidhani kuwa la utani au hata la sifa, nathubutu kusema kwamba lina madhara ya namna yake. Humfanya mwenyeji kuwa mgeni katika mtaa aliozaliwa. Lakini yako majina mawili yasiyofaa kuwekwa katika fungu moja na hayo, nayo ni pesa na dili. Dili lilienea Tanzania wakati wa mauaji yaliyoanza kujulikana sana mwaka 2006 na kuendelea, hasa katika Kanda ya Ziwa. Wakenya wasijidai kuwa jambo hilo liliishia mpakani: mwezi wa Agosti 2010 mahakama mjini Mwanza ilimhukumu raia wa Kenya kifungo cha miaka 17 kwa kujaribu kumuuza mtu mwenye ualbino. Zeruzeru humdunisha mtu. Dili humtangazia bei. Kijana anayelitamka kituoni kwa mzaha huenda hajui habari za Mwanza, ila anayeitwa anazijua.

Katika kutafuta jina la adabu, wengine walibuni "mlemavu wa ngozi". Nia ilikuwa njema, lakini istilahi hii ina kasoro kubwa: inasahau macho. Ualbino hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na upungufu wa melanini huathiri uoni kama unavyoathiri ngozi. Mwenye hali hiyo huumizwa na mwanga mkali, na mara nyingi haoni vema vitu vilivyo mbali. Mwalimu aliyefundishwa kwamba tatizo ni la ngozi atamnunulia mwanafunzi kofia, kisha atamketisha nyuma ya darasa. Kwa upande mwingine wako watoto waliopelekwa katika shule za vipofu ilhali wangeweza kusoma maandishi ya kawaida kwa miwani na kwa kuketi mbele. "Mwenye ualbino" ni bora zaidi, kwani kiambishi u- huigeuza hali kuwa kitu alicho nacho mtu, si kitu alicho. Ni refu, na utingo wa matatu hatalitumia; lakini sensa ya mwaka 2019, iliyowahesabu watu hao kwa mara ya kwanza nchini Kenya na kupata 9,729, haikuwa na haja ya neno fupi.

Hata hivyo jina linalostahili uhakiki mkali kuliko yote halimtaji mtu huyu hata kidogo. Ni jua kali. Mafundi wa Kamukunji wanaofua masanduku na majiko ya bati ndio walioitwa hivyo kwa sababu walifanya kazi bila paa, na serikali ikalikubali neno hilo hata likaingia katika anwani ya waraka wake rasmi, Namba 2 wa mwaka 1992. Leo ni jina la riziki ya walio wengi katika Eastlands: fundi, mchuuzi wa mitumba Gikomba, mvuta mkokoteni. Wasomi wamelisifu kuwa ni neno la ustahimilivu. Lakini kwa mwenye ualbino kitu kilichotajwa na neno hilo ndicho chanzo cha kansa ya ngozi. Kumwambia akajitafutie katika jua kali ni kumtuma kwenye hatari kwa jina lake kamili. Nairobi nayo hudanganya: iko karibu na ikweta, kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai humfanya mtu adhani hakuna jua, kumbe miale iunguzayo hupenya mawinguni.

Kinga yenyewe haijapata jina thabiti. Wengine huiita losheni, neno linaloipeleka kwenye rafu ya vipodozi, ambako mama mwenye shilingi chache hatalifikia kabla ya unga na mafuta ya taa. Wengine huiita dawa, na mwenye afya huacha dawa. Wapo wanaosema mafuta tu, na mtoto akapakwa mafuta ya mgando ambayo hayamkingi na chochote. Serikali ilitenga fedha za kuigawa bure katika bajeti ya mwaka 2011, chini ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Huko Moshi, hospitali ya KCMC imeshiriki katika kutengeneza yake, iitwayo Kilisun. Napendekeza "mafuta ya kinga ya jua", na neno kinga lisiachwe kamwe, kwa maana wazazi wa Eastlands wamekwisha kulizoea kliniki kutokana na chanjo za watoto.

Fasihi yetu haijasaidia vya kutosha. Takadini, riwaya ya Ben Hanson iliyosomwa sana katika shule za sekondari za Tanzania, inamwonyesha Sekai akikimbia kijiji chake ili kumwokoa mwanawe. Ni kazi ya huruma, na wanafunzi huipenda. Lakini inaiweka hatari katika mila za kijijini, na wokovu katika kijiji cha pili. Mama wa Kayole hana kijiji cha pili. Ana chumba kimoja katika ploti, foleni ya maji saa sita mchana, na mtoto anayetakiwa kusimama paredi shuleni bila kofia kwa sababu kofia si sehemu ya sare.