Nafsi ya Kwanza na Stara ya Sarufi: David katika *Giovanni's Room*

Pingamizi linaloelekezwa mara kwa mara kwa riwaya ya James Baldwin, *Giovanni's Room* (1956), ni kwamba msimulizi wake hapendeki. Pingamizi hilo lina ukweli. David, Mmarekani mweupe aliyeko Paris, anamwacha Giovanni, mhudumu wa baa kutoka Italia, na kurudi kwa mchumba wake Hella, ambaye hatimaye anampoteza pia. Ujanani alikwisha kumtenda Joey vivyo hivyo. Usiku wa kuamkia kuuawa kwa Giovanni, aliyehukumiwa kwa kumuua Guillaume, mwenye baa, David yuko kusini mwa Ufaransa akijitazama katika kioo cha dirisha.

Hata hivyo, uhakiki unaoishia hapo unapima kwa mizani ya mhusika kielelezo, mizani iliyozoeleka mno katika ufundishaji wa fasihi shuleni. David ni shahidi anayejitia hatiani kwa kinywa chake. Kifo cha Giovanni hakukishuhudia; anakibuni hatua kwa hatua, na katikati ya kukibuni anauacha mwili wa Giovanni na kuurudia wake mwenyewe mbele ya kioo. Ubinafsi huo ndio mbinu ya riwaya.

Suala linakuwa gumu zaidi riwaya hii ikifikiriwa kwa Kiswahili. Kiambishi a- hakibainishi jinsia: *alinipenda*, *nilimwacha*. Kiwakilishi cha Kiingereza humsaliti David hata pale jina la Giovanni linapokosekana. Sarufi ya Kiswahili ingempa stara ile ile anayoitafuta tangu ukurasa wa kwanza. Mfasiri anayeongeza neno *mwanamume* anamlazimisha akiri kabla ya wakati wake, na asiyeliongeza anashiriki kumficha. Kisha jinsia inarudi kupitia kitenzi. *Kupendana* kunawabeba wawili kwa usawa, ilhali *kuoa* na *kuolewa* kunawagawa, na mgawanyo huo ndio hofu ya David katika ugomvi wao wa mwisho, anapomshutumu Giovanni kwa kutaka kumfanya mke wa nyumbani. Hapa, kwa mara moja, Kiswahili kingeisema hofu hiyo kwa ukali kuliko Kiingereza chenyewe.

Ulinganisho na *By the Sea* (2001) ya Abdulrazak Gurnah unaonyesha thamani ya msimulizi wa namna hii. Hassan anaondoka na Hussein, mfanyabiashara aliyekuja kwa pepo za kaskazi, lakini hapewi nafsi ya kwanza. Mapenzi yao, kama ni mapenzi, yanamfikia msomaji zaidi kupitia mdogo wake, Latif, yakiwa aibu ya familia na kuhusishwa na kupotea kwa nyumba yao. Latif naye amezama katika jeraha lake, ila gharama ya kuzama huko inalipwa na mwingine asiyesema. Hassan angepewa hata kurasa chache za uongo wa aina ya David, msomaji angekuwa na la kubishana naye.