Zimwi Lililokwisha Kukula: Mwizi wa Mwili katika Dungeons & Dragons na Suala la Jina Lake kwa Kiswahili

Uhakiki wetu wa Kiswahili umezoea riwaya, tamthilia na ushairi. Makala haya yanageukia matini ya aina nyingine: maelezo ya kiumbe mmoja katika kitabu cha kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza unaochezwa mezani, uliobuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974. Katika mchezo huu hakuna anayetangazwa mshindi. Watu wachache huketi pamoja; mmoja wao, msimamizi, husimulia ulimwengu na kusema kwa niaba ya viumbe vyake vyote, na kila mmoja wa waliobaki huigiza mhusika wake. Jambo likiwa na shaka, hurushwa dadu. Kwa hiyo sentensi za kitabu hazisomwi tu, bali hutendwa, na neno likibadilika wachezaji hutenda jambo jingine. Hapo ndipo anapoingia mfasiri wa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba jina linalotujia upesi zaidi kwa kiumbe huyu, yaani pepo, litawaelekeza wachezaji waumalize mwili wa rafiki yao huku wakidhani wanamwokoa.

Kwa jina lake la asili kiumbe anaitwa Intellect Devourer. Alitokea kwanza katika kitabu cha nyongeza cha mwaka 1976, Eldritch Wizardry, na wengi wa vijana wanaomfahamu leo wamekutana naye katika mchezo wa kompyuta wa Baldur's Gate 3 wa mwaka 2023. Sisi tutafuata matini ya Monster Manual ya mwaka 2014. Ni ubongo unaotembea kwa miguu minne yenye makucha. Ukoo wake wa kifasihi haufichiki: Robert Heinlein aliandika kuhusu wavamizi wanaowaendesha watu mwaka 1951, Jack Finney akafuata na riwaya yake ya wizi wa miili mwaka 1955, na bongo zinazotambaa zilionekana katika filamu ya Uingereza, Fiend Without a Face, mwaka 1958. Hofu ni ileile: jirani ana sura yake ya jana, lakini si yeye.

Kanuni zinampa silaha mbili zinazofuatana. Kwanza hushambulia akili ya mtu aliye karibu naye. Mtu huyo hurusha dadu ya pande 20, huongeza au hupunguza kulingana na akili yake, na asipofikia 12 huumia. Kisha hurushwa dadu tatu za pande 6. Jumla ikilingana na kiwango cha akili yake au kukizidi, akili hushuka hadi 0 naye huduwaa, asiweze kutenda lolote. Hapo kiumbe hushindana naye kwa akili, na akishinda huula ubongo, huhamia ndani ya fuvu na kuuendesha mwili. Hesabu yake inafaa kutazamwa. Askari mwenye akili 8, kiwango ambacho wachezaji wengi humpa mhusika wa vita bila kusita, huduwazwa takriban mara moja katika kila mashambulizi mawili. Mchawi mwenye akili 16, aliyefunzwa kujikinga kwa akili, hupatwa na hali hiyo chini ya mara 2 katika mashambulizi 100. Jina linajigamba kwa kula akili, lakini kanuni zinamlisha wale wasio nazo nyingi.

Kwa mtafiti wa lugha, sentensi yenye uzito kuliko zote ni fupi: akiisha kuingia, kiumbe hujua yote aliyoyajua mwenye mwili, zikiwemo lugha zake. Kabla ya hapo hana kinywa. Anaelewa lugha moja tu, Deep Speech, ambayo kanuni za 2014 hazikuipa hata hati ya kuandikia, na hawezi kuitamka. Huwasiliana kwa mawazo. Usemi wake wote ni wa wizi. Lugha hapa imefanywa kama shehena ghalani: mlango ukivunjwa, mwizi huondoka nayo nzima. Huo ni mtazamo mwembamba wa lugha, na tungeweza kuishia katika kuukosoa, lau si mstari mwingine wa matini hiyohiyo. Kiumbe hurithi maarifa, lakini hubaki na akili, busara na haiba yake mwenyewe, ambazo ni 12, 11 na 10. Malenga mwenye haiba 18 akiibwa mwili, mwizi atakumbuka kila wimbo na jina la kila aliyewahi kumtunza, lakini wasikilizaji watamwona kama mtu yeyote. Askari wetu mwenye akili 8 ataanza kutoa shauri zuri kuliko zamani. Wenzake huenda wakafurahi.

Mpasuko huu kati ya kujua na kuwa ndio sehemu bora ya matini, ingawa waandishi wake hawakuuendeleza. Katika mchezo unaochezwa kwa Kiswahili, unasikika. Msimamizi anayemwigiza askari aliyeibwa hana budi kuamua: atamwamkia mzee wa kijiji "shikamoo" kwa wepesi wa mtu aliyeamkia tangu utotoni, au kwa usahihi wa mtu anayesoma orodha? Atamtania mtani wake? Kanuni zinasema anajua kwamba utani upo. Hazisemi kwamba ataona haja ya kutania. Hakuna dadu ya jambo hilo. Wachezaji watamgundua kwa masikio yao, au hawatamgundua.

Sasa jina. Mfasiri aliyekulia pwani atavutwa na pepo, na ana sababu: nasi husema pepo amempanda mtu kichwani, na mwili unatumiwa na mwingine. Lakini ndani ya neno hilo umo mkataba. Pepo ana jina na ana kabila. Kjersti Larsen, katika utafiti wake wa Zanzibar uliochapishwa mwaka 2008, anaonyesha jinsi masheitani wa huko wanavyotofautishwa: wapo wa Kiarabu, wa Kihabeshi, na wa Kibuki, ambao asili yao ni Madagaska na ambao huhesabiwa kuwa Wakristo. Pepo akipanda, sauti hubadilika, na mara nyingi lugha hubadilika pia. Wasikilizaji humtambua kwa usemi wake kuwa si mwenye mwili. Huulizwa anataka nini. Hufukiziwa ubani, hupigiwa ngoma, huahidiwa. Akishuka, kiti huzinduka, kimechoka lakini kizima.

Kiumbe wa mezani ni kinyume cha hayo yote. Hana jina la kutajwa, hasemi lugha yake bali ya mwenye mwili, hadai chochote. Akitoka, mwili hufa, isipokuwa ubongo ulioliwa urudishwe kabla ya raundi moja kwisha, na uchawi wa kuurudisha uko mbali sana na uwezo wa wahusika wachanga ambao ndio hasa hukutana naye, kwa kuwa amepewa daraja la 2 tu. Na kanuni zinaruhusu atolewe: kago moja la kuwakinga watu na uovu, lililo katika uwezo wa mganga wa ngazi ya kwanza, linamfukuza. Basi wachezaji walioambiwa kwamba rafiki yao ana pepo watafanya kile ambacho neno limewafundisha. Watampunga. Atatoka, na mwili utaanguka mbele yao ukiwa mtupu. Si kosa lao. Walisoma Kiswahili vizuri kuliko mfasiri wao.

Kimelea kina sifa ya kuwa neno la kitaaluma, lakini linanuka zahanati, nalo si sahihi hata kibayolojia. Kupe humhitaji ng'ombe aliye hai. Ng'ombe akifa, kupe ana tabu. Kiumbe huyu humla mwenye nyumba kwanza, ndipo ahamie. Afadhali tungemfananisha na yule kaa wa pwani anayejitia katika kombe tupu la konokono, ila kaa huyo kwa kawaida hakumuua konokono.

Tunapendekeza zimwi. Katika hadithi ya msichana na zimwi, ambayo Alice Werner aliisimulia upya katika mkusanyo wake wa mwaka 1933, zimwi humtia msichana ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini, likijipatia mlo kwa sauti isiyo yake, mpaka afike kwao na sauti itambuliwe. Huo ndio mchezo wetu hasa: chombo kinachosema, sauti inayojulikana, na swali la aliyemo ndani. Tofauti ni kwamba ndani ya ngoma msichana yu hai. Methali nayo inasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili linakujua kwa sababu limekwisha kukula. Msomaji wa Kiswahili atausikia mgeuko huo bila kuelezwa, na ataogopa panapostahili kuogopwa, kwani hajafundishwa popote kwamba zimwi hupungwa. Zimwi hukimbiwa, hulaghaiwa au huuawa. Tuseme basi zimwi la ubongo. Zimwi la bongo lingekuwa fupi zaidi, lakini katika masikio ya Watanzania lingehamia Dar es Salaam papo hapo. Mwizi wa mwili libaki kuwa jina la ule uwezo wake, kama lilivyo katika matini ya asili.

Kuna neno la nne ambalo wanaosoma siasa watakuwa wamekwisha kulifikiria. Kwa mujibu wa kitabu cha 2014, kiumbe huyu hutengenezwa na wala-bongo wakubwa, mind flayers, kutokana na ubongo wa mtumwa wao, kisha hutumwa kwa watu akiwa na sura, lugha na siri za mmoja wao. Kiswahili kina neno la mtu anayesema lugha yetu kwa ufasaha na kumtumikia mwingine: kibaraka. Tusingelitumia kwa zimwi lenyewe, lakini kwa ule mwili unaotembea linafaa sana.

Kwa wanaoshauri vyombo vya lugha, iwe BAKITA au Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, maombi yetu ni madogo. Istilahi za michezo zisipitishwe kwa kulinganisha kamusi na kamusi. Ukurasa huohuo wa kanuni upewe makundi matatu ya vijana, moja likisoma pepo, la pili kimelea, la tatu zimwi, na mtafiti aketi kando aandike jambo la kwanza ambalo kila kundi linafanya pale askari wao, ambaye jana hakujua kuhesabu nauli, anapoanza kusema maneno ya busara.