Dozi ya Sungura Mzee

Sungura hatapiki. Mbwa akila kibaya atakirudisha, paka vivyo hivyo, hata mtoto mchanga hucheua. Kwa sungura, kilichopita kooni kimekwisha kupita. Ndiyo maana kumpa sungura dawa ya kuua bakteria ni kazi ninayoiheshimu kuliko kazi nyingi zinazofanywa kwa mbwembwe. Namheshimu zaidi anayeifanya kwa sungura mzee, tena mahali kama Gwarama, ambako ukisema una sungura wa miaka saba mtu atakuuliza kwanza kwa nini hujamla.

Swali hilo si la ukatili. Katika kata hii ya Wilaya ya Kakonko, iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, sungura hufugwa kama kuku anavyofugwa: ni kitoweo, ni pesa ya daftari. Lakini mara mojamoja hutokea mmoja akaponyoka kisu, kwa kawaida kwa sababu mtoto alimpa jina, na mtoto anakua, anakwenda sekondari, sungura anabaki bandani na uzee wake. Mgongo umekonda, kucha zimepinda, figo zimechoka. Kisha unakuja usiku wa Julai, baridi ya nyanda za juu inaingia kwenye nyufa za banda, na asubuhi yake sungura anapiga chafya.

Bibi mifugo ninayemsifu hapa haanzi na pua. Huanza na miguu ya mbele, kwa sababu sungura hujifuta kamasi kwa miguu hiyo, na manyoya ya upande wa ndani hushikamana yakakakamaa. Anayetuhumiwa kwanza, na mara nyingi kwa haki, ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida. Sungura wengi wenye afya humbeba puani bila dalili yoyote, mpaka liingie vumbi, au baridi, au ukali wa mkojo ulioachwa bandani. Kwa mzee huenda likawa jino: meno ya sungura hukua maisha yote, na mzizi uliorefuka kupita kiasi unaweza kuziba njia ya machozi au kufanya jipu tayani. Usaha wa sungura ni mzito, haumwagiki, na dawa haiupenyi kirahisi. Hapo chupa peke yake haitatosha.

Hatari ya dawa isiyofaa nayo haiko mbali. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, yamesogeza amoksilini karibu na watu wa vijijini, na kwa mtoto mwenye nimonia hilo ni jambo jema kabisa. Kapsuli ileile ikifunguliwa na unga wake ukakorogwa katika maji ya sungura, inaweza kumuua. Sababu ni tumbo. Sungura havunjivunji nyasi katika mfuko wa kwanza wa tumbo. Kazi kubwa hufanyika katika mfuko mpana ulio mwanzoni mwa utumbo mpana, unaochukua kama asilimia 40 ya njia nzima ya chakula. Humo bakteria wema huvunja nyuzinyuzi, na sungura hutoa vifundo laini vinavyong'aa ambavyo huvila palepale ili avimeng'enye mara ya pili. Penisilini za kumeza, ampisilini, amoksilini, linkomaisini na klindamaisini huwafagia wenyeji hao na kuwaachia nafasi wageni wa aina ya Clostridium spiroforme, wenye kutoa sumu. Kuhara hufuata baada ya siku kadhaa, pengine dozi imeshakwisha na kila mtu anadhani mgonjwa amepona.

Historia ya penisilini nayo ilipita karibu sana na shimo hili. Tarehe 25 Mei 1940, huko Oxford, Howard Florey na wenzake waliwaambukiza panya wanane, wakawapa wanne dawa. Wasiopewa walikufa wote usiku huohuo. Mwaka 1943 ikaripotiwa kwamba penisilini inaua simbilisi, ambaye tumbo lake linafanana kwa kazi na la sungura. Florey angeanza na simbilisi badala ya panya, huenda dawa ile ingetupwa.

Kwa hiyo tendo la kwanza la ufundi huu ni kukataa. Mjukuu anafika mbio: "Shikamoo, mama. Babu anauliza, ampe kapsuli moja tu? Anayo nyumbani." Naye anajibu, "Marahaba, mwanangu. Mwambie babu asimpe chochote, tunampima kwanza." Kisha anampigia simu daktari wa mifugo wa wilaya, kwa sababu anajua mpaka wa cheti chake. Penisilini yenyewe daktari anaweza kuidunga chini ya ngozi, kwa kuwa haipitii tumboni kama ile ya kumezwa. Njia ya kuingilia ndiyo hubadilisha dawa kuwa sumu, na hili watu wengi, wakiwemo wasomi, hulisikia kwa mashaka.

Kupima ndiko ninakopenda kukaa. Mizani ni ya duka, ileile inayopima maharage. Kinawekwa kikapu kitupu, uzito unaandikwa. Kisha kikapu na sungura, uzito unaandikwa. Kisha hesabu ya kutoa. Tuseme ni kilo 2.4. Daktari akichagua enrofloksasini, miligramu 10 kwa kila kilo kwa siku, jumla ni miligramu 24. Chupa ya asilimia 10 inayouzwa kwa ajili ya kuku ina miligramu 100 katika kila mililita, hivyo dozi ni mililita 0.24, kiasi ambacho kwenye bomba kubwa la sindano hakionekani kabisa. Bibi mifugo anatumia bomba la mililita moja, kisha anaongeza maji safi, maana dawa hiyo ni chungu na inaunguza. Nukta ikihama hatua moja, mzee amepewa mara kumi. Maelekezo ya chupa, ya kuchanganya katika ndoo ya maji, hayamfai: sungura mgonjwa hanywi, na maji machungu ndiyo hayagusi kabisa. Kwa jambo moja uzee ni nafuu, kwani dawa za ukoo wa enrofloksasini huhofiwa kwa gegedu za wanyama wanaokua. Daktari akichagua sirapu ya Septrin ya watoto, yenye miligramu 240 katika mililita 5, kwa miligramu 30 kwa kilo inakuja mililita 1.5, asubuhi na jioni, na maji ya kunywa yasikauke, kwa ajili ya zile figo.

Kumnywesha nako kuna adabu yake. Sungura hupumua kwa pua, kwa hiyo kwanza anafutwa pua kwa kitambaa chenye uvuguvugu. Anafungwa kwa kanga, miguu ya nyuma imeshikwa chini, maana teke la woga linaweza kumvunja uti wake mwenyewe. Halazwi chali. Bomba halina sindano, linaingia kando, kwenye pengo lililo kati ya meno ya mbele na magego, tone kwa tone, na kila tone linasubiri taya zitafune. Nimeona vijana wenye nguvu wakishindwa hapa.

Baada ya hapo ni nyasi: nyasi kavu kwanza, matembele machache, mchunga kama upo. Asipokula nusu siku, simu inapigwa tena. Kila asubuhi bibi mifugo anainama chini ya banda na kuangalia kinyesi, wingi wake na ukubwa wa punje zake, kwa umakini ambao wengine huuweka kwenye noti.

Redio hutufundisha tumalize dozi, na bibi mifugo huwafundisha watu hivyohivyo. Lakini kinyesi cha sungura mzee kikilegea siku ya tatu, yeye husimamisha dawa palepale, humpigia daktari, na huandika saa katika daftari lilelile lenye uzito wa kikapu.