Makapi yalivuliwa kwa kosa

Mliokuwepo mashua ikipandishwa pwani mnajua naelekea wapi. Fundi mkuu aliagiza makapi yavuliwe, na hapo ndipo kazi ilipoharibika.

Magogo yalipangwa sawasawa na kupakwa mafuta. Kwa hilo nawapongeza.

Mashua ilikuwa inapanda, tena vizuri, kwa makapi mawili ya roda mbili mbili: moja mnazini, jingine kwenye omo. Maji yakaanza kupwa, ikahitajika haraka. Fundi akaona mita 4 za kamba zinavutwa ili chombo kisogee mita 1, akasema nguvu zinapotea bure. Ukavuliwa mtambo wote, ikabakizwa roda moja mnazini, wakaitwa watu zaidi.

Nguvu hazikuwa zinapotea! Urefu ule wa kamba ndio bei ya wepesi. Tuchukulie mzigo wa nyutoni 6,000. Kwa uwiano wa mwendo wa 4 na ufanisi wa asilimia 75, jitihada ni nyutoni 2,000. Kila mita 4 za kamba wavutaji wanatoa jouli 8,000, mashua inapata 6,000, zilizobaki zinaliwa na msuguano. Watu 5 wanatosha, kila mmoja akivuta kwa nyutoni 400. Kwa roda moja isiyosogea, hata ufanisi ukifika asilimia 90, jitihada inakaribia nyutoni 6,700: watu 17! Naam, jouli kadhaa zimeokolewa. Lakini kamba iliyokazwa kwa 2,000 sasa inakazwa zaidi ya mara tatu, na wavutaji wakielekea baharini, mnazi unabeba karibu 12,700 badala ya 8,000. Kamba ilipokatika, kwa nini watu walishangaa?

Nayalaumu tena masomo yanayowakaririsha watoto kwamba mashine hupunguza kazi. Hupunguza jitihada, lakini kazi ya kuingiza huzidi ile inayotoka. Heron wa Alexandria alikwisha kuandika, katika karne ya 1, kwamba nguvu ikipunguzwa muda hurefuka. Naye Archimedes, asimulia Plutarch, aliivuta merikebu ya milingoti mitatu, imejaa watu na shehena, mbele ya mfalme Hiero, kwa makapi, ameketi kitako. Huyo ndiye fundi.

Na kama haraka ilikuwa lazima, tatizo lilikuwa kuvuta kamba kwa mikono wakiwa wamesimama. Wangeiweka begani, wakatembea nayo, kundi moja likichoka jingine lipokee. Kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, mashua ingepanda mita 15 kila dakika, makapi yakiwa palepale.